Usonji: Kuelewa vituko vya mtoto wa kambo shuleni

MZAZI wa kambo anapoitwa shuleni kwa sababu mtoto aliyemkuta katika ndoa amepindua dawati, amemng'ata mwenzake au ametoroka darasani, aghalabu hupokewa na hukumu tatu kwa mpigo.

Mwalimu humweleza kuwa mtoto ni mtukutu na hakufunzwa adabu nyumbani. Majirani hunong'ona kuwa mtoto anateswa na mama au baba wa kambo, ndiyo maana anamalizia hasira zake shuleni. Naye mzazi mwenyewe, akiwa amechoka kuitwa kila mara, huanza kuamini kuwa mtoto anamchukia na anafanya makusudi ili kuivuruga ndoa.

Iwapo mtoto huyo ana usonji, huenda hukumu zote tatu zikawa hazina msingi. Mara nyingi tabia za aina hiyo ni njia ya mtoto kueleza jambo aliloshindwa kulitamka: kwamba kelele zimemzidi, kwamba haelewi anachotakiwa kufanya, kwamba jino linamuuma au kwamba ratiba aliyoizoea imebadilishwa bila yeye kuarifiwa.

Kuzisoma vibaya tabia hizo kuna gharama kubwa. Mtoto huadhibiwa kwa jambo asiloweza kulizuia, huhamishwa kutoka shule moja hadi nyingine, na hatimaye hubakizwa nyumbani. Ndoa changa nayo huyumba kwa sababu ya chuki ambayo haikuwapo.

USONJI NI NINI

Usonji, ambao baadhi ya watu huuita tawahudi, ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema na kudumu maishani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Hutambuliwa zaidi kwa wavulana kuliko wasichana, ingawa wataalamu wanakubali kuwa wasichana wengi hukosa kutambuliwa kwa sababu hujitahidi kuficha dalili zao.

Dalili zake zimo katika mafungu mawili. La kwanza ni ugumu katika mawasiliano na mahusiano. Kuna watoto wasiosema kabisa, kuna wanaorudia maneno waliyoyasikia, na kuna wanaozungumza kwa ufasaha lakini hawatambui mzaha, fumbo au hasira katika sauti ya mwenzao.

Fungu la pili ni kushikilia utaratibu uleule, kurudiarudia vitendo kama kupunga mikono au kuyumbayumba, na kuzama katika jambo moja linalompendeza mtoto. Mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliongeza katika fungu hili hisi zilizo kali au hafifu kupita kiasi. Kwa mtoto wa namna hiyo, king'ora kinaweza kuumiza masikio kama pigo, ilhali jeraha la goti lisimshughulishe.

Hali hii haiambukizwi, wala si laana au matokeo ya ulozi. Aidha, haisababishwi na talaka, kifo cha mzazi wala ujio wa mama mpya nyumbani.

LAWAMA ZA TANGU JADI

Ni vyema kuikumbuka historia hapa, kwa kuwa makosa yaliyotendwa na wasomi yangali yanarudiwa vijijini na mitaani.

Daktari Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins, jijini Baltimore, Marekani, alichapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11 waliokuwa na hali hiyo. Katika maandishi yake aliwataja wazazi wengi wa watoto hao kuwa watu wasio na uchangamfu. Fikra hiyo ilikua hadi ikawa nadharia kuwa usonji husababishwa na mama mwenye moyo baridi. Bruno Bettelheim, aliyesimamia shule ya watoto wenye matatizo katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliieneza kupitia kitabu chake cha mwaka 1967.

Kina mama wengi waliaibishwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alikuwa tayari ameipinga nadharia hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1964. Mnamo 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza ulioonyesha kuwa urithi wa kijenetiki una nafasi kubwa katika usonji. Leo hakuna taasisi ya kuaminika ya kitabibu inayomlaumu mama.

Mama wa kambo bado hajapata msamaha huo. Ngano za kale zimemchora kuwa katili, na jamii iko tayari kuamini kuwa kila kosa la mtoto limetoka mikononi mwake. Iwapo mama mzazi alilaumiwa bila hatia, seuze mama wa kambo!

Hii haina maana kuwa dhuluma haipo. Mtoto asiyeweza kujieleza yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuteswa nyumbani au kuonewa na wenzake shuleni. Majeraha yasiyoelezeka, hofu ya ghafla kwa mtu fulani au kupoteza uwezo aliokuwa nao ni mambo ya kuchunguzwa upesi. Nambari ya simu ya kuwasaidia watoto nchini Kenya ni 116 na hupigwa bila malipo. La msingi ni kuwa uchunguzi ufuate dalili, si ngano.

NDOA MPYA NI MABADILIKO MENGI

Ingawa ndoa mpya haileti usonji, inaweza kuongeza vituko kwa muda. Mtoto anayetegemea utaratibu hujikuta katika nyumba nyingine, kitanda kingine, chakula kilichopikwa kwa namna nyingine na pengine shule nyingine. Wapo ndugu wapya wanaogusa vitu vyake. Yupo mtu mzima mpya mwenye sauti, manukato na kanuni asizozijua.

Iwapo mzazi wake mwingine yu hai, huenda mtoto akalala huku siku za juma na kule wikendi. Shule nyingi huona vituko vikizidi Jumatatu, na wazazi wa pande zote mbili huishia kulaumiana. Mara nyingi kinachomsumbua mtoto ni kule kuhama kwenyewe.

Zaidi ya hayo, mtoto mwenye usonji huweza kuomboleza kwa namna isiyotambulika. Anaweza asilie mazishini, kisha miezi kadhaa baadaye akaanza kupiga kichwa ukutani kila anapoona gari linalofanana na la marehemu mzazi wake.

Mzazi wa kambo hapaswi kuyachukua hayo kuwa kukataliwa. Mtoto asiyemtazama machoni, asiyetaka kukumbatiwa au asiyeitika salamu si lazima awe anamdharau. Mwaka 2012, mtafiti Damian Milton wa Uingereza, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kuwa kutoelewana baina ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili: kila upande hushindwa kuusoma mwingine. Mtu mzima ndiye mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuanza kujifunza.

KUDEKA AU KUZIDIWA?

Walimu na wazazi wengi hushindwa kutofautisha deko na kuzidiwa, na hapo ndipo adhabu zisizofaa huanzia.

Mtoto anayedeka ana lengo. Anataka peremende, simu au kubebwa. Huku akilia, huchungulia kuona kama anatazamwa, na akipewa anachotaka hunyamaza.

Mtoto aliyezidiwa hana lengo hilo. Ubongo wake umepokea kelele, mwanga, maagizo na hofu kupita kiasi, naye amepoteza uwezo wa kujizuia. Hata akipewa alichokuwa akikipenda, huenda akakitupa. Hatulii mpaka mzigo uliomlemea upungue. Wengine hawapigi kelele, bali hunyamaza kabisa, hujificha chini ya meza au huonekana kama wamelala. Hao nao wamezidiwa, ingawa darasa husema wana kiburi.

Katika hali hiyo, kumhutubia au kumwuliza maswali mengi ni kuongeza kuni motoni. Linalofaa ni kuwaondoa wenzake, kupunguza maneno, kuhakikisha hajiumizi na kumpa muda. Mafunzo ya adabu yangoje hadi atulie, hata kama ni kesho yake.

Dalili ya mvua ni mawingu. Watoto wengi huonyesha ishara kabla ya kulipuka: kuziba masikio, kutembea huku na huko, kurudia sentensi moja, kuuma kola ya shati. Anayezijua ishara hizo anaweza kuingilia kati mapema.

Jambo jingine huwakanganya wengi. Kuna mtoto ambaye mwalimu humsifu kwa utulivu, lakini akifika tu mlangoni pa nyumba hulipuka. Mama wa kambo hukata kauli kuwa shida ni yeye. Ukweli ni kuwa huenda mtoto amejikaza siku nzima, naye hufungua mzigo mahali anapojiona salama.

CHANZO KILICHO SHULENI

Shule za kawaida zina mambo mengi ambayo mtoto mwingine hayatambui: kengele inayogongwa karibu na dirisha, msukumano wa foleni ya chakula, harufu ya choo, sweta ya sare inayowasha shingoni, na gwaride la asubuhi ambalo huchukua muda usiojulikana. Katika darasa la wanafunzi wengi, minong'ono pekee ni fujo.

Lugha nayo ni chanzo. Mwalimu anaposema, "Hebu jaribu tena uone!" akimaanisha onyo, mtoto huweza kuchukulia kuwa ameagizwa ajaribu tena. Anapotii, huonekana mfidhuli. Vilevile, agizo lenye hatua nne kwa pamoja huweza kumpotea baada ya hatua ya kwanza.

Mabadiliko ya ghafla huleta vurugu. Mwalimu akikosa kufika, somo la mazoezi likafutwa kwa sababu ya mvua au kiti chake kikachukuliwa, mtoto hupoteza nguzo iliyokuwa ikimshikilia.

Pia kuna uonevu. Wenzake hugundua upesi kinachomkera, wakamchokoza kichinichini, na mwalimu wa zamu huona tu ngumi ya mwisho.

Hatimaye ni mwili. Maumivu ya jino au sikio, tumbo lililofunga, usingizi haba na njaa huweza kujitokeza kama ukali. Kifafa pia huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine. Kwa hiyo tabia inayobadilika ghafla yafaa imfikishe mtoto kwa daktari kabla ya kufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu.

DAFTARI LA MAMBO MATATU

Njia inayotumiwa na wataalamu wa tabia kote duniani ni nyepesi na haihitaji fedha. Katika daftari huandikwa mambo matatu: kilichotokea kabla, kitendo chenyewe, na kilichofuata baadaye. Huongezwa saa, mahali na waliokuwapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa kambo anaambiwa kuwa mtoto wa Gredi ya 3 hupiga wenzake bila sababu. Anamwomba mwalimu waandike daftari kwa majuma mawili. Yanapokwisha, matukio manne kati ya matano yanaonekana kutokea karibu na saa nne asubuhi, darasa linapopanga foleni kutoka kwa mapumziko. Mtoto huwa katikati ya foleni, akisukumwa kutoka nyuma, huku kengele ikilia mlangoni.

Safu ya tatu inafichua zaidi. Kila baada ya kumpiga mwenzake, mtoto hupelekwa kukaa peke yake karibu na afisi ya mwalimu mkuu, mahali palipo kimya. Shule ilidhani inamwadhibu, kumbe inampa alichokuwa akikihitaji. Mtoto amejifunza kuwa ngumi ndiyo njia ya kufika penye utulivu.

Suluhu hapa ni kumruhusu atoke dakika 2 kabla ya kengele au asimame mwisho wa foleni, na kumfundisha kuonyesha kadi yenye picha anapotaka kutoka. Akipata utulivu kwa kadi, haja ya ngumi hupungua. Kumzuia tu bila kumpa njia nyingine huzaa kituko kipya.

NAFASI YA MZAZI WA KAMBO

Mzazi wa kambo ana upungufu mmoja: hakumlea mtoto tangu utotoni, hivyo hajui historia yake. Lakini ana faida pia. Huona mambo ambayo waliomzoea mtoto hawayaoni tena.

Hatua ya kwanza ni kuketi na mzazi wa damu na kuuliza bila kulaumu: mtoto alianza kusema lini, alipimwa wapi, nini humtuliza, nini humtisha. Wawili hao wakubaliane kanuni chache zitakazofanana, na ikiwezekana mzazi anayeishi kwingine ahusishwe. Ratiba moja ya picha inayosafiri na mtoto baina ya nyumba mbili humfaa kuliko mabishano ya watu wazima.

Katika miezi ya kwanza ni heri mzazi wa damu ndiye atoe makatazo, huku mzazi wa kambo akijenga ukaribu kupitia jambo analolipenda mtoto, liwe ni matatu, ramani au nyuzi za redio. Kukaa karibu naye bila kumdai maneno ni mwanzo mwema.

Kuhusu shule, mzazi wa damu yafaa amtambulishe mwenzake kwa mwalimu mkuu kwa barua, ili ijulikane kuwa anaweza kuitwa na kupewa habari za mtoto. Bila hivyo, mzazi wa kambo hufika mkutanoni akiwa mtu wa kulaumiwa asiyekuwa na sauti.

Watoto wengine nyumbani wasisahauliwe. Waelezwe kwa lugha ya umri wao kwa nini ndugu yao huruhusiwa kula peke yake au kuvaa vizibo vya masikio, wasije wakaona kuwa anapendelewa.

KUZUNGUMZA NA MWALIMU

Mkutano wenye manufaa huanza kwa swali, si kwa utetezi. "Mwalimu, kabla hajapiga kelele alikuwa akifanya nini?" ni swali linalomfanya mwalimu awe mshirika.

Kisha yaombwe mambo machache yanayowezekana hata katika shule isiyo na fedha: kiti mbali na mlango na kengele, ratiba ya siku iliyochorwa kwa picha, agizo moja kwa wakati, taarifa ya mapema kuhusu mabadiliko, mahali pa kutulia, na mtu mzima mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kukimbiliwa.

Matumizi ya picha na mpangilio unaoonekana si jambo geni. Mpango wa TEACCH, ulioasisiwa na Eric Schopler katika jimbo la North Carolina, Marekani, ulianza kuendeshwa na jimbo hilo mwaka 1972, na uliwafanya wazazi kuwa washirika wa wataalamu wakati ambapo wengi walikuwa wangali wakiwalaumu.

KIBOKO NA SHERIA

Wapo watakaosema samaki mkunje angali mbichi, au kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hizo zina hekima yake, lakini humhusu mtoto anayejua alichokosea na anayeweza kuacha. Kumchapa aliyezidiwa na kelele ni kumwongezea kilichomzidi, na humfundisha kuwa mkubwa akikasirika hupiga.

Isitoshe, sheria za Kenya haziruhusu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili. Sheria hiyo inataka pia mwanafunzi na mzazi au mlezi wake wapewe nafasi ya kusikizwa kabla ya kufukuzwa shuleni.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kumlinda dhidi ya adhabu za kinyama. Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kupata elimu katika taasisi zilizojumuishwa na jamii, kwa kadiri inavyowafaa.

MAHALI PA KUANZIA

Mtoto ambaye hajapimwa anaweza kupelekwa katika vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, maarufu kama EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984 kwa ufadhili wa Denmark. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo huweza kumwelekeza mzazi kwenye kituo kilicho karibu. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoundwa mwaka 1986 na ambayo iko Kasarani, Nairobi, hutoa mafunzo kwa walimu na kuwapima watoto.

Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na kwa wengi faida yake ya kwanza ni kukutana na mtu aliyepitia njia hiyohiyo. Usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nao humfungulia mtoto mlango wa huduma kadhaa za serikali.

Maendeleo yasitarajiwe kwa juma moja. Yapimwe kwa mambo madogo: vituko vilivyokuwa vitano kwa wiki vimekuwa vitatu, mtoto hutulia baada ya dakika 10 badala ya 40, au ameonyesha kadi kwa mara ya kwanza bila kukumbushwa. Hayo nayo yaandikwe katika daftari lilelile, ili siku ambapo mzazi wa kambo ataitwa tena shuleni aende na rekodi mkononi, na mazungumzo yaanzie hapo.